Nyumba ya Kupanga Peke Yako Mombasa: Piga Hesabu Kabla ya Kushika Ufunguo

Nyumba ya marehemu babu yetu, Mji wa Kale, iliuzwa. Warithi tulikuwa tisa, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa na uwezo wa kununua mafungu ya wenzake, basi tukakubaliana iuzwe kila mtu achukue haki yake. Mnunuzi alitupa miezi mitatu. Katika miezi hiyo nilitakiwa nipate pahali pa kuwaweka watu sita: mamangu wa miaka 74, mke wangu, watoto watatu na mimi mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka 46 na sikuwahi kulipa kodi ya nyumba hata siku moja.

Naandika haya kwa sababu nawajua wengi walio katika hali kama hiyo. Nyumba za mirathi zinauzwa, familia zinavuka Nyali au Likoni, na watu waliozaliwa ndani ya nyumba zao wanajikuta mikononi mwa madalali bila ya kujua wauliize nini. Nilifanya makosa kadhaa na mengine niliponea chupuchupu. Kuuliza si ujinga, na haya ndiyo maswali niliyojifunza kuuliza.

Ni nyumba ya aina gani tunayoizungumzia

Hapa kwetu mtu akisema "nyumba" aweza kuwa anakusudia mambo mengi. Kuna chumba katika nyumba ya Kiswahili, ambapo wapangaji huchangia ukumbi, uwa na choo. Kuna ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari. Kuna fleti. Na kuna nyumba ya peke yake: mlango wake, uwa wake, mita yake, tangi lake, wala hakuna mpangaji mwengine anayepita mbele ya dirisha lako. Mimi nilitaka hii ya mwisho kwa sababu ya mama. Magoti yake hayapandi ngazi, na choo lazima kiwe karibu na chumba chake.

Nyumba za namna hii kisiwani ni chache, na zilizoko Kizingo au Tudor bei zake si za mtu wa mshahara wa kawaida. Nyali ndiyo usiseme. Kwa hivyo wengi wetu hutafuta Bamburi, Kiembeni, Utange, Shanzu, au huvuka hadi Mtwapa, ambayo tayari ni Kaunti ya Kilifi. Upande wa kusini kuna Likoni na kuendelea hadi Kwale, ila huko hesabu ya feri yataka ihesabiwe kwa saa. Kuvuka kwa miguu hakulipishwi, lakini foleni ya asubuhi huila saa yako kila siku.

Kodi si gharama ya nyumba

Hili ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo kubwa. Nilionyeshwa nyumba upande wa Bamburi: vyumba vitatu, vigae chini, geti jeusi, mwembe uani. Kodi 35,000. Mshahara wangu mkononi ni 68,000. Nikajiambia inawezekana. Mke wangu akaniambia tukae na daftari kwanza. Waliosema mali bila daftari huisha bila habari hawakukosea.

Tuliandika hivi, kwa mwezi mmoja:

- Kodi: 35,000.
- Maji: nyumba haikuwa na kisima, na mfereji hutoka kwa mgao. Watu sita kwa lita 50 kila mmoja ni lita 300 kwa siku, yaani mitungi 15 ya lita 20. Kwa shilingi 20 kila mtungi ni 300 kwa siku, 9,000 kwa mwezi.
- Nauli: mimi kwenda kazini siku 26, kwenda na kurudi 160, jumla 4,160. Mwanangu wa sekondari, ambaye hakuweza kuhamishwa shule, siku 22, jumla 3,520. Pamoja 7,680.
- Stima: 2,500.
- Mlinzi wa mtaa na kuzoa taka: 1,800.

Jumla 55,980. Katika 68,000 zabaki 12,020 za chakula, karo, dawa za mama na kila kitu chengine cha watu sita.

Na bado hatukuwa tumemaliza. Mke wangu alikuwa akipika mahamri, mbaazi na viazi karai na kuuza barazani kwetu. Kwa mwezi alikuwa akipata kama 15,000. Baraza lile lilikuwa limeuzwa pamoja na nyumba. Kwa hivyo hatukuwa tunaongeza matumizi tu, tulikuwa pia tunapoteza pato. Unapohama, andika pia kile ulichokuwa ukikipata kwa kukaa pale ulipokuwa: biashara ya mlangoni, chumba ulichompangisha mtu, jirani aliyekuangalizia watoto bure, msikiti, hospitali na soko unavyovifikia kwa miguu. Vitu hivyo havina risiti, lakini ukivikosa utavilipia.

Wengi husema kodi isizidi theluthi ya pato. Theluthi ya 68,000 ni kama 22,600. Mimi naongeza neno moja: kabla ya kuipima kodi, jumlisha kodi, maji, nauli, stima na ulinzi, kisha uone kilichobaki kama chatosha kula. Nyumba ya 35,000 tukaiacha. Mwanangu mdogo alilia kwa ajili ya ule mwembe.

Pesa za siku ya kuingia

Watu huweka akiba ya kodi ya mwezi mmoja wakadhani wamejitayarisha. Nyumba tuliyoishia kuichukua, ya Kiembeni, kodi yake ni 24,000. Siku ya kuingia tulitumia hivi:

- Kodi ya mwezi wa kwanza: 24,000.
- Diposti ya mwezi mmoja: 24,000. Wako wanaotaka miezi miwili.
- Dalali, nusu ya kodi: 12,000. Wengine hutaka kodi nzima. Kubalianeni kabla ya kuonyeshwa chochote.
- Lori na wabebaji: 6,500.
- Ushuru wa stempu wa mkataba: 2,880. Nitaueleza huko mbele.
- Kubadilisha vitasa vyote: 3,600. Usilale usiku hata mmoja kwa ufunguo ambao hujui nani mwengine anao.
- Pazia na waya za mbu: 9,000.

Jumla 81,980. Ni zaidi ya mara tatu ya kodi. Kwa hivyo ukiwa wataka nyumba ya peke yake, weka tayari kodi mara tatu na nusu. Mimi pesa hizo nilizitoa katika fungu langu la mirathi, na lililobaki nimeliweka mbali kwa kununulia kiwanja siku moja. Yeyote aliyeuza nyumba ya urithi namsihi asilipe kodi za kila mwezi kwa pesa hizo. Zikiisha hutakuwa na nyumba wala mafungu.

Maji ndiyo ya kwanza kuangalia

Mombasa haina chemchemi zake kubwa. Maji ya mfereji hutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, nayo hayatoshelezi mji. Ndiyo maana mwenye nyumba kukwambia "maji yapo" haitoshi. Muulize: siku ngapi kwa wiki? Tangi la lita ngapi? Kisima ni cha maji baridi au ya chumvi? Pampu ni ya nani, na ikiharibika nani huitengeneza?

Kisha usimsikilize yeye peke yake. Nenda duka la jirani ununue soda uulize. Waliokaa pale ndio wajuao mara ya mwisho mfereji ulitoka lini. Onja maji ya kisima, na uyatie sabuni uone kama yatoa povu. Maji ya chumvi yafaa kufulia, kuoshea sakafu na chooni, lakini hula bomba na huharibu birika.

Nyumba ya Kiembeni ilikuwa na kisima. Mama alipoingia hakuangalia vyumba. Aliuliza upepo waingilia wapi, kisha akaomba kikombe. Akaonja, akatema, akasema, "Mwanangu, haya ni ya kufulia. Ya chai tutanunua." Kwa mitungi minne ya maji baridi kwa siku tukahesabu 2,400 kwa mwezi badala ya 9,000. Kisima kile cha chumvi chatuokolea 6,600 kila mwezi.

Jambo jengine ni maji machafu. Sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya maji taka, kila nyumba ina shimo lake. Uliza shimo lilinyonywa lini na ni nani hulipa gari la kunyonya likijaa. Angalia pia liko mbali kiasi gani na kisima.

Stima, mvua na joto

Kama mita ni ya tokeni, omba risiti ya tokeni ya mwisho, au nunua tokeni ya pesa kidogo kabla ya kutia saini. Mita ikiwa na deni la aliyehama, kampuni hulikata kila ununuapo, na wewe utalipa deni la mtu usiyemjua. Hakikisha pia mita ni ya nyumba ile peke yake, haivutwi hadi kibanda cha nyuma.

Nyumba itazame mara tatu: mchana, usiku, na ikiwezekana baada ya mvua. Mchana wa kaskazi, Januari hadi Machi, utajua kama paa la mabati lisilo na dari litakaanga watu. Usiku utajua kelele, taa za njia na usalama. Na masika itakuonyesha kama njia hugeuka mto. Ukienda kiangazi, tazama alama za maji chini ya kuta na rangi iliyobambuka.

Mwenye nyumba ni nani hasa?

Hapa ndipo nilipoponea. Utange nilionyeshwa nyumba nzuri na kijana mwenye funguo. Nilikuwa nimeshampa 1,000 ya kuonyeshwa. Akaniambia, "Mzee, tuma diposti leo kwa simu, kuna mtu mwengine aja saa kumi." Nikaenda dukani kununua maji. Mwenye duka akaniuliza nimekuja kutembea siku ngapi, kwani nyumba ile hukodishwa wageni kwa usiku. Kijana alikuwa ameikodi kwa siku mbili, na sikuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa siku ile. Ile 1,000 ilikwenda. Zingekwenda 56,000.

Tangu siku hiyo nina kanuni: pesa haitoki kabla sijamjua mwenye mali. Omba namba ya hati ya kiwanja na ufanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Utaonyesha jina la mmiliki. Jina hilo lilingane na kitambulisho cha anayekupangisha. Kama ni ajenti, sheria ya maajenti, Sura 533, yataka awe amesajiliwa na bodi yao. Mwambie akuonyeshe cheti.

Pwani tuna mambo yetu mawili ya ziada. La kwanza ni nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwengine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Ugomvi wao ukichacha, mpangaji ndiye wa kwanza kutolewa vyombo nje. Uliza waziwazi, na uombe kuona risiti ya karibuni ya kodi ya ardhi.

La pili ni mirathi, na hili naliungama. Kabla nyumba yetu kuuzwa, binamu yangu alimpangisha mtu chumba cha juu na kuchukua diposti bila kutuambia. Nyumba ilipouzwa, yule mpangaji alisimama mbele yetu sote tisa na karatasi yake mkononi, na kila mmoja wetu akasema hahusiki. Mwisho tulichanga tukamrejeshea, lakini baada ya kumhangaisha mwezi mzima. Ikiwa mwenye jina katika hati amefariki, usimlipe mrithi mmoja. Omba kuona karatasi za mahakama zinazomtaja msimamizi wa mirathi, na uandikiane na msimamizi huyo.

Nyumba ya Kiembeni mwenyewe yuko Dubai kikazi, na nduguye ndiye aliyetuonyesha. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, nisamehe, nataka kumwona mwenyewe." Akampigia kwa video. Tukasalimiana, akanionyesha kitambulisho chake, akatuma barua ya kumpa nduguye idhini ya kupokea kodi. Mtu mkweli hakasiriki ukimuuliza.

Mkataba na sheria

Wengi huambiwa "kuna korti ya wapangaji". Ni kweli, lakini sheria ya kudhibiti kodi, Sura 296, huhusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya peke yake ya leo imepita hapo zamani sana. Kwa hivyo kinga yako kubwa ni kile mlichoandikiana. Mkataba wetu una haya:

- Majina, namba za vitambulisho na namba ya kiwanja.
- Kodi, tarehe ya kulipa, na namba ya akaunti au ya simu. Usilipe taslimu bila risiti.
- Diposti kiasi gani, itarejeshwa ndani ya siku ngapi, na itakatwa kwa mambo gani tu.
- Kodi haitapandishwa ndani ya mwaka, na baadaye kwa kiasi kilichotajwa.
- Nani hutengeneza nini: paa, pampu, shimo, vitasa.
- Notisi ya kuhama. Msipoandika, Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka notisi isiyopungua kipindi cha kulipa kodi. Ukilipa kwa mwezi, notisi ni mwezi.
- Ruhusa maalumu. Sisi tuliandika kwamba mke wangu aweza kuweka meza ya chakula nje ya geti.

Mkataba usiozidi miaka miwili, usio na haki ya kuongezwa muda, haulazimiki kusajiliwa katika ofisi ya ardhi. Lakini ulipiwe ushuru wa stempu: kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwetu 24,000 mara 12 ni 288,000, na asilimia 1 yake ni 2,880. Karatasi isiyo na stempu yaweza kukataliwa kama ushahidi kortini, siku ile unayoihitaji.

Mwenye nyumba akitaka kukuongezea VAT, mwambie kodi ya nyumba ya kuishi haitozwi VAT. Na kodi ya mapato ya nyumba ni mzigo wake, si wako.

Ukichelewa kulipa, haruhusiwi kukuchukulia vyombo kwa mkono wake. Kazi hiyo hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni, kwa taratibu zake. Kung'oa mlango au kuezua mabati ili uhame si sheria, ni ubabe. Na yeye akikataa kukurejeshea diposti, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1, na waweza kujisimamia bila wakili.

Siku ya kupokea ufunguo, piga picha kila ukuta, kila mfereji, kila kioo kilichopasuka, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Diposti nyingi hupotea kwa sababu hakuna anayekumbuka ufa ulikuwapo tangu lini.

Tulipofikia

Hesabu ya Kiembeni ilitoka hivi: kodi 24,000, maji 2,400, nauli 7,680, stima pamoja na pampu 3,000, ulinzi na taka 1,000. Jumla 38,080. Zabaki 29,920. Kodi imepita theluthi kidogo, nalijua hilo. Meza ya mke wangu ilianza kwa kusuasua, kwani watu wa mtaa hawakumjua. Mwezi wa tatu ikaleta 8,000. Si 15,000 za barazani, lakini yapanda.

Mama hakuzoea haraka. Kwa wiki mbili alikuwa akiamka alfajiri na kutafuta mlango upande usiokuwa wake. Nyumba haina baraza. Nikamwita fundi, kwa idhini ya mwenye nyumba iliyoandikwa, akajenga kibaraza cha mawe kando ya geti, karibu na meza ya mahamri. Kilitugharimu 4,500, na hakikuwa katika daftari. Jioni hukaa hapo. Majirani wameanza kumjua kwa jina, na mmoja wao ndiye aliyetuambia lori la maji baridi hupita siku gani.